Dawa Niliyowapa Dende wa Tantine

Alhamisi, Beu. Mvua tangu asubuhi. Mikono yangu inanuka mavi, na bado sijanawa.

Wiki iliyopita watu wenye mapanga waliingia shambani kwa shangazi yangu, tantine Masika, upande wa Mbau. Walimkata mume wake shingoni katikati ya mihogo. Tantine alifika kwetu kwa miguu, damu ya mumewe imekauka kwenye kitenge, kikapu kichwani: dende saba, wale simbilisi wadogo wasio na mkia tunaowafuga jikoni. Mmoja amechanwa mgongoni kwa panga.

Ndiyo mali yote iliyobaki.

Nimesomea mifugo Butembo miaka mitatu. Niliogopa kidonda kitaoza, donc nikafungua amoxicilline yetu ya nyumbani, dawa ya kuua vijidudu, nikawapa wote saba. Yule wa kidonda alining'ata, akatema nusu. Kisha nikaanza kufagia mavi yao kila saa, maana niliwaona wanayala.

"Acha bakule," tantine alisema. "Ni chakula yabo."

"Ni uchafu, tantine."

"Na weye, masomo yako inafundisha kunyima mugonjwa chakula?"

Nilicheka.

Siku ya tatu waliacha majani. Matumbo yalivimba, wakaharisha, wakafa wakisaga meno. Sita. Alibaki yule wa kidonda, naye hagusi majani.

Panga lilichana mmoja. Mimi niliua sita.

Jana nilifungua daftari langu la shule. Imo humo, kwa mwandiko wangu, nimepigia mstari mwekundu: dende hawezi kuyeyusha nyasi peke yake. Mwishoni mwa utumbo mwembamba ana mfuko uliojaa vijidudu vinavyovunja nyuzi za majani ziwe nguvu. Mavi laini anayoyala humrudishia chakula na vijidudu hivyo. Dawa yangu iliviua, vijidudu vibaya vikachukua nafasi.

Nataka kuvunja kitu. Nataka wale watu warudi, panga likiwa mkononi mwangu.

Leo asubuhi nimeokota mavi mabichi ya dende wazima wa jirani, nikayakoroga kwa maji ya vuguvugu, nikayavuta kwa bomba la sindano. Tantine alimshika yule wa kidonda, ambaye ana mimba. Hapo ndipo nilipomwambia tantine kila kitu.

Alimgeuza mnyama, mdomo juu. Halafu: "Ukilia, mukono itatetemeka. Nywesha."

Nikanywesha.

Sasa ni saa kumi. Tumeweka jani moja la matembele mbele ya pua yake. Tantine ameuliza mara tatu kama anakula. Ya kwanza nilisema bado. Ya pili, bado.

 Ya tatu nilimuonyesha jani: ukingo wake umeng'atwa.