Ruhusa Niliyoomba Wakati wa Mjerumani

Kimandolu

Marahaba, mjukuu wangu Ndeshi. Bibi yako anakusalimu. Goti linamsumbua, lakini ng'ombe amezaa na maziwa yapo.

Umeniuliza kama uombe ruhusa chuoni upumzike mwaka mmoja, kwa kuwa tangu tumzike mama yako, binti yangu, huwezi kusoma.

Wakati wa Mjerumani nilisomea ualimu misheni, mbali, upande wa Moshi. Kaka yangu Elia alipofariki, masomo yalikataa kuingia kichwani. Nikaomba ruhusa. Mwalimu akasema, "Nenda. Nafasi yako itakungoja."

Nyumbani nililala tu, uso ukutani. Asubuhi moja mama alikuja kuketi karibu nami, akimenya ndizi za kupika. Nikamwambia, "Mama, nimekwisha."

Akajibu, "Hata mimi, mwanangu. Shika kisu."

Tukamenya huku tukilia.

Kabla sijarudi, vita vikaja, shule ikafungwa. Ualimu sikuupata tena, na uchungu huo ninao mpaka leo. Siwezi kukuahidi lolote kuhusu chuo. Lakini ningebaki kule peke yangu, sidhani kama ningekuwepo kukuandikia.

Bibi yako amekwisha kukutandikia kitanda.

Babu yako