Unga wa Maandazi Alioula Jasiri

Mjukuu wangu Eliza,

Marahaba. Huku Mgwashi tu wazima, na kabichi za mama yako zinagombewa gulioni Soni. Mimi sikuzaa mvivu. Umeuliza kama mbwa wako anaweza kula unga wa maandazi uliobaki. Usithubutu!

Enzi za Ujamaa nilikanda unga wa maandazi ya wageni wa mkutano, maana nani mwingine wangemwamini? Nikaufunika uumuke, nikaenda mtoni. Narudi, mbwa wetu Jasiri anapepesuka, udenda unamtoka. Mjumbe wa nyumba kumi anapiga kelele, "Ana kichaa huyo! Leteni mapanga!"

Asubuhi ile Jasiri alikuwa amemramba mama yako mdomoni, naye bado mchanga. Nikamnyakua mtoto, nikamkagua kila kidole nikitafuta jeraha.

Jirani akaita kutoka jikoni, "Mama Neema, beseni tupu! Kala unga wako wote!" Kumbe hamira ilimlevya kama pombe.

Watu wakacheka, wakashusha mapanga. Mimi sikuweza kucheka. Tumbo la Jasiri lilizidi kuvimba, na kabla jua halijazama akafa miguuni pangu. Nililia huku nimembana mama yako kifuani, na mpaka leo sijui nilikuwa namlilia nani.

Bibi yako anayekupenda