Adabu ya Chumba cha Kamera

Alhamisi. Mikumi imeamka na ukungu, mimi nimeamka na hasira. Nilidhani ingeondoka na usingizi. Haijaondoka.

Yohana, mlinzi wetu wa uzio, amelazwa Kilosa, mguu umevunjika. Jana asubuhi tembo aliingia shambani kwetu kutoka hifadhini. Kazi ya chumba cha kamera ni kumwona mapema na kumwambia Yohana kwenye redio. Hakuna aliyemwambia. Walikutana uso kwa uso, akakimbia, akatumbukia mtaroni.

Nimerudia kuangalia picha. Tembo anaonekana vizuri kabisa.

Geofrey, opereta wa zamu, alikuwa ameipa skrini mgongo. Meneja alikuwa ameingia na wageni, naye akainuka kuwaamkia mmoja mmoja, na habari za safari juu yake.

Wala simlaumu. Ndicho kilichompa kazi.

Mimi ndiye niliyesimamia usaili wa kazi hiyo. Kila mwombaji alikaa mbele ya picha za uzio, muda mrefu, hakuna kinachotokea. Kazi yenyewe ndiyo hiyo. Katikati meneja akaingia. Geofrey alisimama, akageuka, akainama. Neema, binti kutoka kijiji cha Masanze, alisema, "Shikamoo baba," macho yakiwa palepale kwenye skrini, halafu akatuambia kuna fisi anapita chini ya waya. Sisi wengine wote tulikuwa tumegeuka.

"Huyu binti hakulelewa," meneja alisema.

Nikamweleza kwamba tunatafuta macho. Akacheka, akasema asiye na adabu hawezi kulinda mali ya mtu. Mkubwa akishasema, imeisha hiyo.

Adabu! Mimi nimelelewa na bibi, simpiti mtu mzima bila shikamoo. Lakini bibi huyohuyo akibandika maziwa jikoni aliitikia wageni bila kugeuka, na hakuna aliyemwona mshenzi. Maziwa yangemwagika.

Leo tumekwenda hospitali. Yohana alipomwona meneja alijaribu kujiinua ili amwamkie, jasho linamtoka kwa maumivu. Nilitegemea meneja atamwambia, lala tu mwanangu.

Alisubiri.

Akaisubiri shikamoo yake mpaka ikafika, ndipo akasema, "Marahaba." Nilitoka nje nisije nikasema neno ambalo halirudi.

Geofrey amehamishiwa stoo. Usaili mwingine ni Jumatatu, na Neema nimeshamwita. Safari hii mlango nitaufunga kwa ndani. Meneja abishe hodi mpaka achoke.