Nimeitengeneza Ile Honi, Mtani

Mtani wangu Maganga,

Lile gari jeupe limerudi gereji jana. Mwenyewe amelipaki palepale ulipolitoa, akaniambia, "Fundi Kondo, honi ni ileile," akaondoka bila kunitazama usoni. Bodi limebonyea kwa mawe na boneti halifungi vizuri. Nilisimama nalo muda mrefu, nyundo mkononi, natamani kulivunja vioo vyote.

Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba honi isiyonyamaza haipigwi, inafuatwa waya wake. Nikaweka nyundo chini, nikaunganisha betri. Usukani kulia, kimya. Usukani kushoto, ikalia. Kisha nikafungua plastiki chini ya usukani, nikaufuata waya kwa vidole. Gamba limechunika, urefu wa ukucha tu, na kila usukani ukienda kushoto shaba inagusa chuma. Nikauzungushia tepu, nikaufunga mbali na kile chuma. Dakika kumi. Umeuawa kwa kitu cha dakika kumi, Maganga.

Hapana. Hata hapa naanza kukudanganya. Hukuuawa na waya.

Kila ulipotoa gari la mteja kulijaribu, mimi Mzaramo nilikuwa nasimama getini na kupayuka, "Mwizi huyo! Kamateni Mnyamwezi!" Nawe ulitoa kichwa dirishani ukanijibu, "Nenda kacheze ngoma huko, Mzaramo wewe, kazi tuachie sie." Miaka tisa. Temeke nzima, upande wetu ule, ilishauzoea utani wetu wa makabila.

Asubuhi ile ulikata kushoto pale getini, honi ikalia na kukwama. Nikacheka. Nikapayuka yaleyale, kwa nguvu zaidi, ili nishindane na honi. Sikuwaona bodaboda wawili waliosimama ng'ambo, wageni, hawatujui. Mmoja akadaka, "Mwizi wa gari!" Wakawasha pikipiki wakakufuata. Mie nilikuwa bado nacheka, mtani. Hicho kicheko ndicho kinachonitafuna.

Niliwakimbilia, na nilipofika kona ya pili kelele zao zilishajaza watu; wewe ulikuwa umesimamisha gari, umefungua boneti, umeinama kuchomoa waya. Tofali la kwanza lilikupata mgongoni. Ukageuka, la pili likakupata mdomoni. Niliona unasema kitu. Mimi nami nililia, "Ni fundi! Ni fundi jamani!" lakini honi ilimeza sauti zetu sote wawili. Mtu akakushushia nondo kichwani, mara mbili, mara tatu, kama anatwanga. Nilipita katikati yao kwa meno. Mmoja nilimpiga spana ya uso mpaka nikasikia jino linavunjika, na sikumwonea huruma, mpaka leo sijamwonea. Nilipokufikia ulikuwa chini, jicho moja wazi, limejaa mchanga. Nikang'oa waya wa betri. Kukawa kimya, na ndipo kila mtu akasikia ninavyokuita kwa jina. Waliangalia mikono yao, halafu wakakimbia.

Makaburini watu walinisubiri. Si unajua, mtani ndiye wa kulala kaburini akatae mwenzake asizikwe, amseme marehemu uroho wake mpaka wafiwa wacheke wapumue kidogo. Mjomba wako akanigusa bega, "Mtani, tuchangamshe basi." Sikuweza kufungua mdomo. Wakasema uchungu umenizidi, maskini, alimpenda sana. Wamenipa heshima isiyo yangu na nikaipokea.

Tangu arobaini ipite mkeo Zuhura anazunguka mtaani na swali moja: nani alianza kuita mwizi? Amemuuliza mjumbe, amewauliza wauza chipsi. Kwangu amekuja mara tatu. "Shem, we ulikuwepo. Nani alianza?" Nikamjibu sijui, mara zote tatu, huku namtazama. Mara ya mwisho akaniambia, "Ukimpata, shem, niletee. Simfanyi kitu. Nataka tu nimwone sura."

Wadogo zako hawana subira yake. Wamekuja kutoka Tabora, na wameshatajiwa yule bodaboda. Jana jioni, nikiwa nafunga gereji, mmoja wao alikuja kuniomba tupa. Nilimpa. Nikamwona amekaa kibarazani kwako ananoa panga, taratibu, na Zuhura ndani anapika. Yule kijana wa bodaboda alirudia tu neno langu, Maganga. Mtaa huu unataka kuua mtu wa pili kwa kelele ileile.

Kwa hiyo nakuaga leo, maana kesho sijui nitakuwa na mkono wa kuandikia. Kwaheri, mtani wangu, fundi wangu, mtu uliyenivumilia miaka tisa. Nakuahidi sitaisingizia honi wala bodaboda, na wadogo zako wakininyanyukia sitainua spana.

Nikitoka kuswali alfajiri nitapiga hodi kwako, peke yangu. Zuhura akiniuliza kama nimempata yule mtu, nitamwambia ndiyo, shemeji, nimekuja naye.

Wako,
Kondo