Mlango wa Bi Mwanaidi

Jumatano, masika yananukia

Na huyo bwana wa kamati ya kutengeneza nyumba alivyogeuka akaenda zake, kana kwamba tumemtukana!

Sharti lao nilishalijua. Wanachagua safu moja tu ya nyumba hapa mjini, tutengeneze pamoja kuta na paa, tutoboe madirisha ya upepo na mwanga, tujenge na jiko moja la kuokea la wote, maana bei ya mkaa na mafuta ya taa haishikiki. Lakini kila nyumba ikaguliwe ndani. Ikikosekana moja, safu nzima imeachwa.

Safu yetu ni nyumba sita. Tano tulifungua. Ya sita ni ya jirani yangu Bi Mwanaidi, na yeye yuko edani, haonani na wanaume wa nje.

"Atoke kidogo tu, mama, tuingie," akaniambia yule bwana.

"Atoke wapi, na mumewe hajatimiza mwezi kaburini? Nipe huo utepe, nikapime mimi."

Akacheka. "Kwani wewe fundi?"

"Nyumba yangu nimeinunua kwa bajia, baba. Boriti zake nazijua moja moja."

Bi Mwanaidi akaniita kutoka ndani, "Waambie nimekubali matengenezo!" Yule bwana akasema sauti haikaguliki, yeye na wenzake wakaelekea mtaa wa nyuma. Kesho wanakata shauri.

Naogopa. Mimi na Bi Mwanaidi ukuta wetu ni mmoja, na ufa wake sasa unaingiza kidole. Masika yakitukuta hivi...

Godoro la watoto nimelivuta kutoka ukutani hadi mlangoni. Nimewaambia ni kwa sababu ya joto.