Makasha Niliyoyateka Matangani Kwako

Mtani wangu Maganga,

Nilitaka kuanza kwa salamu kama watu wenye adabu, nikakumbuka kwamba hutaitikia, na kwamba ukiitikia mimi nitakimbia hadi Dar es Salaam bila kungoja treni. Basi tuanze na kashfa kama tulivyozoea. U hali gani huko, mpagazi wangu? Umeshawaanzishia malaika ligi ya kufunga nati?

Kalunde mkeo ndiye aliyeniambia nikuandikie. Kila nikienda kumjulia hali namwachia maneno ya kukusimanga, mpaka juzi akasema, "Mtani, mwandikie mwenyewe. Nimekuwa tarishi wenu akiwa hai, sasa nimestaafu." Basi nimekaa hapa dukani na kalamu, nacheka peke yangu, na wateja wanadhani msiba umenipanda kichwani.

Nina habari nzuri. Lakini nitakuchelewesha kidogo, kwa sababu uliondoka katikati ya ugomvi wetu na hilo sijakusamehe.

Baiskeli zilikuwa zinatufikia kwa treni, kila moja imelala vipande vipande ndani ya kasha la mbao: fremu, rimu, spoku zimefungwa kwa karatasi, cheni imejaa grisi. Kazi yetu sisi mafundi wawili wa duka la ushirika hapa Tabora ilikuwa kuziunga, ndipo zigawiwe vijijini zikiwa kamili. Mimi niliona hivyo ndivyo ilivyo sawa. Mtu anakuja, anapanda, anaondoka zake. Wewe ukakataa katakata. Ulitaka vijiji vipelekewe makasha kama yalivyo, pamoja na spana na fundi wa kukaa nao siku chache, wenye baiskeli waunge wenyewe. "Ukimpa mtu baiskeli iliyokwisha kuungwa umempa safari moja," ulisema. "Ikimgomea njiani, anaitundika ukutani anangoja fundi."

Nami nikakujibu kwamba mkulima ana tumbaku shambani, hana siku za kuchezea spoku. Na breki ikifungwa na asiyejua, mteremko utamfundisha. Bado nasema hivyo, usidhani kufa kumekupa ushindi.

Kila ulipoishiwa hoja ulimleta babu yako, yule aliyetembea njia ya msafara kutoka pwani na kipande cha meli begani. Meli nzima, ulisema, ilifika ziwani vipande vipande juu ya mabega ya Wanyamwezi, ikaungwa kule kule, ikaelea. "Wangengoja kuileta nzima, mpaka leo ingekuwa Bagamoyo inaota kutu." Nami Mzaramo nilikuwa nikikujibu kwamba babu yako alikuwa mpagazi wa babu yangu, na kwamba alichelewa njiani kwa ulafi wa viazi. Watu waliokuja kununua pampu walisahau pampu.

Mwishowe katibu wa ushirika alichoka na kelele zetu. Akakuruhusu ujaribu kijijini kwako Kwihara, makasha kumi, kwa sharti moja: akipita kukagua azikute baiskeli zinatembea, la sivyo zinachukuliwa zinapewa kijiji kingine. Ukayapanga makasha uani kwako kama bwana harusi anayepanga mahari.

Mara ya mwisho ulipokuja mjini ulikuwa unacheka hadi unashika mlango. Jirani yako Mzee Kapaya alikuwa ameunga ya kwanza, ila uma wa mbele aliugeuza ukatazama nyuma. Akapanda, kidole cha mguu kikagonga gurudumu, akaingia kwenye mihogo yeye na chombo chake. Nikaruka juu kwa furaha: "Nilikuambia!" Ukanifuta machozi ya kicheko kwa mkono wako wenye grisi, ukasema, "Hujaona alivyoinuka akaufungua na kuugeuza mwenyewe, bila kuniita."

Halafu homa. Hilo nalisema haraka, Maganga, kwa sababu sipendi kukaa hapo. Wiki ile ile.

Kazi ya utani tuliifanya, usijali. Niliingia kaburini kwanza nikalala, nikasema sitoki mpaka nihongwe, maana mpagazi huyu ana mzigo wangu. Nilivaa ovaroli yako, nikatembea kama wewe, jicho moja limefumbwa kana kwamba natazama rimu iliyopinda. Kalunde alikuwa analia, akaniona, akacheka mpaka kanga ikamdondoka. Nilijisikia vizuri na vibaya kwa pamoja. Nilikuwa nakuigiza wewe, na wewe tu ndiye ungejua nimekosea wapi.

Siku ya tatu ya matanga katibu akaja na lori. Si mtu mbaya. Alitoa pole kwa heshima, akakaa mkekani, akala ugali wa matanga. Kisha akasema kwa upole kwamba fundi ametutoka, vyuma vimelala uani, na kuna kijiji upande wa Ntalikwa kinaomba baiskeli kila siku. Afadhali makasha yarudi dukani, Pazi ataziunga baada ya siku chache, zitapelekwa huko.

Pazi ni mimi. Na hicho ndicho nilichokidai kwa mdomo wangu mwaka mzima.

Hakuna aliyempinga. Ila mama Nyamizi, yule msuka nyungo, alikuwa ameketi na rimu mapajani, spoku nusu zimeingia na nusu bado, na hakuiweka chini. Mzee Kapaya alitazama kidole chake cha mguu kilichofungwa kitambaa. Waliona aibu, kama watu walionyang'anywa sahani wakiwa bado wanatafuna. Moyo wangu ukanigeuka palepale.

Nikanyanyuka, nikaenda, nikajilaza juu ya makasha kifudifudi. Nikapiga kelele kwamba mimi ni mtani wa marehemu, kwamba vyote vilivyo uani kwake nimeviteka, na anayevitaka avikomboe. Unajua katibu ametoka Nzega, Mnyamwezi mtupu. Kwa hiyo ni mtani wangu vilevile, na matangani mtani hakasirikiwi. Alijaribu kukaza uso. Akauliza nataka nini. Nikamwambia jogoo mwenye meno.

Akadhani natania, na ni kweli. Akaagiza jogoo akaletwa. Nikamkamata, nikampanua mdomo mbele ya kadamnasi, nikatazama ndani, nikamwita na dereva wa lori aje athibitishe. Hana hata gego. Uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko, waombolezaji, wapishi, wazee, na katibu mwenyewe akashikilia mabega ya dereva asidondoke. Alipopata pumzi akasema, "Haya, mtani. Tumtafute huyo jogoo. Ila siku ya arobaini nakuja hapa, na nikute baiskeli, nisikute vyuma."

Lori likarudi tupu. Nikabaki juu ya makasha, mgongo unaniuma, na nikatambua nimejitia kitanzini kwa mikono yangu.

Ningeweza kuziunga zote mwenyewe upesi tu. Nilipogusa spana mama Nyamizi akanipiga kikofi mkononi. "Maganga alisema fundi aweke mikono mfukoni." Basi nikaweka mikono mfukoni, mtani. Ni adhabu mbaya kuliko jela. Unamtazama mtu anapitisha spoku tundu lisilo lake, unalijua lake lilipo, unauma ulimi. Siku za mwanzo nilizunguka ua mzima nikilaani kabila lenu lote. Lakini mama Nyamizi, mkono wake uliozoea kusuka ulipata mwendo kabla ya yeye kujua kueleza, akaanza kuwafundisha wengine, na gurudumu lake lilipozunguka bila kuyumba alilitazama muda mrefu sana.

Kisha wakaanza utundu. Madigadi wakayavua yote, eti udongo wa masika unaganda humo. Keria wakairefusha kwa mbao, ibebe madebe mawili ya asali. Nikawaambia kiwanda hakikutengeneza hivyo. Mzee Kapaya akanijibu, "Kiwanda hakijafika Kwihara." Neno hilo nilijua ni lako, amelihifadhi.

Breki nilizikagua mimi, na sitaki mjadala. Mbili zilifungwa kinyume, nikazikamata kabla hazijaua mtu. Hoja yangu iko hai, Maganga. Ina uhai kuliko wewe.

Arobaini ikafika. Katibu alishuka kwenye lori, na baiskeli kumi zikatoka nyuma ya nyumba zikipiga kengele, vigelegele juu, mbwa wote wa kijiji nyuma. Zilikuwa mbaya za kutazama, kila moja na sura yake. Katibu akasimamisha moja, akamwomba mama Nyamizi avue gurudumu la nyuma na kulirudisha. Akalivua na kulirudisha huku akiongea habari za mvua, wala hakutazama mikono. Katibu akavua kofia. Akasema baiskeli ni za Kwihara, na Ntalikwa nao watapelekewa makasha. Nilitafuta wa kumpiga bega, nikageuka upande wangu wa kulia, ule uliozoea kusimama wewe. Nikampiga bega dereva.

Habari nyingine ni hii. Wiki iliyopita Kalunde alipita mbele ya duka kwa baiskeli, madebe ya asali nyuma, anakwenda sokoni. Cheni ikamtoka palepale barabarani. Nikachukua spana, nikatoka mbio kama fundi mwema. Kabla sijavuka mtaro alikuwa ameirudisha, amejifuta mikono kwa majani, amepanda. Akanipigia kengele na kupita. Hakusimama hata kunisalimu! Mteja amekwenda, na mimi nimesimama juani na spana, nacheka, na machozi yananitoka, na sikujua lipi ni lipi.

Makasha ya Ntalikwa yanaondoka Jumatatu. Nakuahidi yataondoka yamefungwa kama yalivyotoka kwenye behewa, na nitakwenda nayo, nitakaa nao mikono mfukoni mpaka ya mwisho itembee. Watakapofunga breki nitachungulia. Hapo usinizuie.

Kwa heri, mtani. Kwihara hawakuhitaji tena kwa baiskeli, ulivyotaka mwenyewe. Mimi ndiye ninayekuhitaji bado, maana duka limekuwa kimya, na sina wa kugombana naye.

Wako wa kashfa,
Pazi