Mtandio Wako na Ng'ombe wa Kibaha

Mama Zuhura,

Hamjambo nyumbani? Mimi mzima, ila mvua haikatiki huku Kibaha na bado napika ugali wa watu wawili.

Ule mtandio unaoutafuta niliuchukua mimi. Leo, wakati nasafisha picha za ng'ombe wa kijiji kwenye chumba cha giza, niliutandaza juu ya karatasi ya picha kabla ya kuwasha taa, nyuzi zake zikajichora mgongoni mwa ng'ombe. Mzee anayewakamua akaichungulia picha, akasema, "Mbona ng'ombe wangu umemvisha ushungi?"

Nikacheka, mtandio ukaniponyoka ukatumbukia kwenye beseni la dawa ya kusafishia picha. Nimeufua mara tatu. Harufu yako imetoka, ya dawa imebaki.

Nibusie watoto. Nitumie mtandio mwingine, tafadhali, lakini usiufue.

Baba Zuhura